Anayezima moto Uluguru naye ana watoto nyumbani

SEHEMU YA 1



Leo sio chanjo wala uji wa lishe. Najua wengi mlinifuata kwa mambo ya watoto, na huko tutarudi wiki ijayo. Ila kiangazi kimeshakolea, mlima umekauka, na kuna jambo naona tunalipita tu kila mwaka.

Ukiwa Kihonda au Msamvu usiku wa Septemba ukaangalia Uluguru, kuna siku unaona mstari mwekundu unatembea mlimani. Watu wanapiga picha, wanaweka status, wanaandika "Mungu atunusuru". Asubuhi moto umezimika, maisha yanaendelea.

Jamani, moto wa mlimani haujizimi. Kuna mtu alikuwa kule usiku kucha. Swali langu ni dogo: mtu huyo analipwa nini, kavaa nini, na akiumia nani anabeba gharama?

Msimamo wangu nauweka mapema ili usisome mpaka mwisho ukitafuta ninachotaka. Mwanakijiji anayeitwa kuzima moto wa msitu wa serikali anafanya kazi ya serikali. Alipwe kwa siku zake, apewe vifaa, aandikwe jina kabla hajapanda, na akiumia atibiwe kama mtu aliyeumia kazini. Kumwita "wa kujitolea" kusitumike kukwepa hayo manne.

SEHEMU YA 2: Kule juu wanapanda kina nani?

Msitu wa juu wa Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Wana askari wa uhifadhi, waajiriwa wenye sare na mshahara. Nawaheshimu, kazi yao ngumu. Lakini piga hesabu mwenyewe: mlima una mabonde, miteremko na vijiji pande zote, kuanzia Bigwa na Morningside upande wa mjini, uzunguke Kinole, Tegetero, Matombo, Kibungo, mpaka Bunduki, Mgeta na Nyandira. Askari wachache hawawezi kuwa kila mahali.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo, namba yao ni 114, ihifadhi kwenye simu yako leo. Ila gari la zimamoto linahitaji barabara. Halipandi kilele cha Bondwa.

Kwa hiyo moto ukiwaka, mwenyekiti anapigiwa simu, mbiu inapigwa, wanaume na vijana wanaondoka na walichonacho: panga, jembe, matawi mabichi ya kupigia moto. Wa kamati ya mazingira ya kijiji wanatangulia. Wengine wanabeba maji ya kunywa kwenye dumu la lita tano, basi. Na kina mama wapo, msidhani. Wanapika, wanabeba maji, wengine wanakata njia ya kuzuia moto sawa na wanaume.

Wanafanya kazi usiku au alfajiri kwa sababu hewa inapoa, unyevu unaongezeka na moto unapungua nguvu. Mchana jua likiwaka, upepo unavuma kupanda mlima na moto unakimbia nao. Joto lake linakausha majani ya juu kabla moto wenyewe haujafika, kwa hiyo mtu aliye juu ya moto kwenye mteremko anaweza kufikiwa haraka kuliko anavyoweza kukimbia. Kuna mawe yanayoporomoka gizani, kuna mti ulioungua shina unaanguka bila taarifa. Hii ni kazi ya hatari kwa kipimo chochote.

Sio kwetu tu. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliungua takriban kilomita za mraba 95. Walioupambania walikuwa mamia: TANAPA, zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wananchi wa kawaida. Siku ikija ya moto mkubwa, nchi hii inategemea raia. Sasa kama tunawategemea, tuwahesabu.

SEHEMU YA 3: Moshi unafanya nini mwilini

Hapa naongea kama nesi.

Moshi wa msitu sio sawa na moshi wa jiko la kuni, ingawa nao ule hauna wema. Una vumbi jembamba mno linalopita pua na koo na kwenda mpaka ndani kabisa ya mapafu. Una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa. Anaweza kufanya uamuzi wa kijinga mahali ambapo uamuzi wa kijinga unaua.

Kuna kitu wengi hawakijui. Kile kifaa kidogo tunachobana kidoleni kupima oksijeni kinaweza kusoma 98 wakati mtu ameathirika na gesi hii, maana hakiwezi kuitofautisha na oksijeni. Kwa hiyo ukifika hospitali na mumeo, usiseme tu "anaumwa kichwa". Sema "alikuwa anazima moto, amevuta moshi usiku kucha". Hiyo sentensi inabadilisha matibabu.

Halafu kuna madhara ya muda mrefu. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya kuzima moto kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo ndilo lenye sigara. Na huko walikuwa wanazungumzia hata wale wenye mavazi kamili na mitungi ya hewa. Wetu amefunga shati puani.

Kila kiangazi tunapokea watu wa namna hii. Mwenye pumu iliyolipuka. Mwenye mguu ulioungua kwa sababu alipanda na ndala. Kijana aliyevaa jezi ya nailoni, ikayeyuka ikagandamana na ngozi ya bega. Mtu aliyekaa siku mbili bila maji ya kutosha, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, figo zinalia. Ukiandika kadi, sehemu ya kazi anasema "mkulima". Kwa hiyo kwenye takwimu zetu huyo ni mkulima aliyeungua. Kazi iliyomuunguza haionekani popote.

SEHEMU YA 4: Siku tatu za kibarua

Mama mmoja aliyemleta mumewe aliniuliza swali ambalo sijalisahau. Mume alikuwa kibarua wa mashamba ya mboga, analipwa kwa siku. Alikaa mlimani siku tatu, wodini siku nne. Akaniambia: "Nesi, kuzima moto ni sawa, msitu ni wetu. Ila hizi siku saba watoto wamekula nini?"

Hilo ndilo swali la mshahara, limeulizwa na mwenye nyumba.

Watu wanasema mwanakijiji anazima moto kwa faida yake mwenyewe, maji ni yake. Kweli, ni yake. Waluguru ukoo wao unafuata kwa mama, na ardhi nyingi za mlimani zimeshikwa kwa upande wa kina mama, kwa hiyo huna haja ya kumfundisha mama wa Kiluguru thamani ya mlima. Lakini maji hayo hayaishii kijijini. Mito ya Uluguru inajaza Ngerengere na Bwawa la Mindu, ndiko wanakotoa maji sisi wa Morogoro mjini. Inajaza Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Kibaha na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Oktoba 2022 Ruvu iliposhuka kwa ukame, Dar waliingia kwenye mgao wa maji, na mtakumbuka kelele zake. Msitu ndio unaoshika mvua na kuiachia taratibu. Mteremko ukiungua, vuli ya kwanza inakuja na tope.

Sasa niambie. Mama wa Tabata anafungua bomba anaosha chupa ya mtoto. Mama wa Kihonda anajaza ndoo. Mama wa Kibungo ndiye mume wake alikuwa kwenye moshi, na ndiye peke yake aliyepoteza kipato cha siku saba. Gharama ya jambo la watu mamilioni imetupwa kwenye sufuria moja. Hiyo sio kujitolea, ni kutwishwa.

Na hata kwa waajiriwa tusijidanganye kwamba mambo yamekaa sawa. Mei Mosi 2025 kule Singida ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kinapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Tulishangilia, mimi mmojawapo. Ila nyongeza hiyo inamfikia mwenye namba ya utumishi. Aliyepigiwa mbiu saa nane usiku hana namba.

SEHEMU YA 5: Mimi nikijichoma sindano

Nilinganishe na kazi yangu, utaelewa haraka.

Nikiwa zamu nikajichoma sindano ya mgonjwa, kuna utaratibu umeandikwa. Naandikwa kwenye rejista. Napimwa. Naanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi haraka, isizidi saa 72, na nafuatiliwa. Hakuna anayeniuliza "kwani si ulikuwa unasaidia tu?" Nikiitwa usiku nje ya zamu, kuna posho ya kuitwa kazini. Inachelewa, ndiyo, na manesi tunalalamika mpaka sauti inakauka. Lakini ipo kwenye karatasi, kwa hiyo nina pa kuanzia kudai.

Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mwajiri anachangia, mfanyakazi akiumia au kuugua kwa sababu ya kazi anatibiwa na kulipwa fidia, akifariki wategemezi wake wanaangaliwa. Tuna pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Sheria nzuri zote mbili. Lakini zimejengwa juu ya neno moja: mwajiri. Askari wa TFS ana mwajiri. Kibarua aliyeandikwa kufyeka njia ya moto ana mwajiri. Aliyeitwa kwa mbiu mwajiri wake ni nani? Mwenyekiti wa kitongoji? Mlima?

Ndiyo maana nasema jina liandikwe kabla ya kupanda. Daftari la shilingi elfu moja: jina, muda wa kupanda, muda wa kushuka, nani kiongozi wa kundi. Usiku mkishuka mnahesabu watu, mnajua kama kuna aliyebaki. Na mtu akianza kukohoa wiki ya pili, kuna ushahidi kwamba alikuwepo. Hili halihitaji bajeti, linahitaji kalamu.

SEHEMU YA 6: "Wakilipwa, watachoma wenyewe"

Hii hoja mtaisikia, na sio ya kipuuzi. Wapo viongozi wanaosema ukimlipa mtu kwa kuzima moto, njaa ikimbana atawasha ili aitwe. Mimi nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Moto mwingi unawashwa na binadamu: kusafisha shamba, kuchoma mkaa, kurina asali, kuwinda. Sheria ya Misitu ya 2002 imeweka masharti ya kuchoma, lakini kiberiti hakisomi sheria.

Jibu ni kubadilisha unacholipia. Usilipe kwa moto, lipa kwa msimu. Kijiji kiwe na kikosi cha vijana, kina kaka na kina dada, waliofundishwa. Kuanzia Julai mpaka Oktoba wanalipwa kwa siku za doria, kufyeka njia za moto, kwenda kusimama na mkulima anayechoma shamba kwa kibali ili moto usimtoroke. Siku ya moto posho ni ile ile ya siku ya doria, ila chakula, vifaa na matibabu vimehakikishwa. Na mwisho wa msimu, kijiji ambacho eneo lake halikuungua kinapata bakshishi. Hapo anayewasha anajinyima mwenyewe na wenzake, na wenzake ndio watakaomkamata.

Afrika Kusini walianza kitu kama hiki mwaka 2003, mpango wa serikali unaoitwa Working on Fire. Wanachukua vijana wasio na ajira, wanawafundisha, wanawapa sare na malipo, na wakati hakuna moto wanafyeka njia za moto na kufundisha jamii. Nao hawajamaliza matatizo. Mwaka 2016 vijana wao karibu 300 walipelekwa Canada kusaidia moto wa Alberta, wakagoma kwa sababu ya posho waliyokuwa wanapewa, wakarudishwa kwao. Ninachojifunza hapo ni kwamba kiwango cha malipo kiandikwe na kusomwa kwa sauti kabla watu hawajapanda gari.

Na msidhani wenzetu matajiri walishamaliza. Marekani wana ndege za kumwaga maji, lakini kwa miaka mingi wazima moto wa misitu wa serikali kuu waliandikwa kama "mafundi wa misitu", na mishahara yao ikafanana na jina hilo. Sheria ya mwaka 2021 ndiyo iliyoagiza cheo chao cha kazi kiundwe na ikawaongezea malipo ya muda. Kuyafanya ya kudumu kumefika 2025. Jina la kazi sio urembo. Ukiitwa "wa kujitolea", unalipwa kama wa kujitolea.

SEHEMU YA 7: Hela itoke wapi?

Tupige hesabu ya jikoni. Hii ni mfano wangu, sio bajeti ya mtu.

Kijiji kimoja, vijana 10. Doria siku 2 kwa wiki, yaani siku 8 kwa mwezi. Posho shilingi 15,000 kwa siku. Kila mmoja anapata 120,000 kwa mwezi. Vijana 10 ni 1,200,000. Miezi minne ni 4,800,000.

Sasa chukua kaya 4,000 za mjini zenye bili ya maji. Kila bili iongezwe shilingi 100 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,800,000. Kikosi cha kijiji kimoja kimelipwa, na wewe umepoteza bei ya pipi mbili. Gharama za buti, ovaroli za pamba, pampu za mgongoni na bima zije kwa serikali na TFS, maana msitu ni wao kisheria.

Na msiseme haiwezekani Uluguru, kwa sababu imeshafanyika Uluguru. Miaka ya mwishoni mwa 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi kata ya Kibungo Juu ambapo watumiaji wa maji, DAWASCO na Coca-Cola wakiwemo, walichangia malipo kwa wakulima waliotengeneza matuta na kupanda miti kulinda vyanzo vya Ruvu. Mkulima wa mlimani alilipwa na mnywaji wa maji wa bondeni. Ule ulikuwa mradi, na miradi inaisha. Mimi nataka iwe kanuni, isiyosubiri mfadhili.

SEHEMU YA 8: Wewe mama ufanye nini

Kwanza nyumbani. Mtu wako akiitwa kwenye moto:

Avae pamba, suruali ndefu, shati la mikono mirefu, buti au raba ngumu. Asivae nailoni, asivae jezi, asivae ndala. Abebe maji mengi na kitambaa cha pamba. Kitambaa kinazuia majivu makubwa tu, hakizuii gesi, kwa hiyo asijione yuko salama akasogea.

Mwenye pumu, mwenye shida ya moyo, na mjamzito wasipande. Hiyo sio woga.

Akirudi ameungua, maji safi ya bomba ya kawaida yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Vua pete na saa kabla hajavimba. Funika kwa kitambaa safi. Hakuna dawa ya meno, hakuna unga, hakuna yai, hakuna mafuta. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute, tuachie sisi.

Mlete hospitali bila kusubiri asubuhi kama sauti imekwaruza ghafla, anakohoa makohozi meusi, vinywele vya puani vimeungua, anapumua kwa shida, amechanganyikiwa, anatapika na kichwa kinagonga, au mkojo umekuwa mweusi. Nguo zake zifue peke yake, usichanganye na za mtoto.

Pili, mkutanoni. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mtaani nako kuna mikutano. Nenda, hata na mtoto mgongoni. Uliza maswali manne, yaandikwe kwenye muhtasari:

Daftari la wanaopanda kuzima moto liko wapi na linashikwa na nani?
Posho ni shilingi ngapi kwa siku, nani analipa, na ndani ya siku ngapi?
Kijiji kina buti, pampu na barakoa ngapi kabla ya Agosti?
Mtu akiumia, bili ya hospitali inapelekwa kwa nani?

Usikubali jibu la "tutaangalia". Omba jina na tarehe. Na sisi wa mjini tusikae pembeni, diwani wako naye anakunywa maji ya mlima, mwulize.

Hapa Morogoro hatuhitaji kufundishwa moto ni nini. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilitutoa zaidi ya watu 100. Baada ya siku ile kila mtu alizungumzia tahadhari. Moto wa mlimani unaumiza mmoja mmoja, kimya kimya, mbali na kamera, kwa hiyo hauitishi mkutano wowote. Inabidi tuuitishe sisi.

Wa Mgeta, Kinole, Matombo na Bigwa, niambieni huko kwenu utaratibu ukoje: kuna daftari, kuna posho, kuna vifaa? Msitaje majina ya wagonjwa. Mtumie dada yako aliye kijijini sehemu ya 8 hata kama hizi nyingine hatasoma.

Wiki ijayo narudi kwenye ratiba yetu: mtoto wa miezi sita anayekataa kula.